Mluhya Mwenye Sitari

Mmeniomba niandike machache kabla sijasahau, ninyi mliobaki kwenye darasa letu la sitari mtaani Umoja. Asanteni kwa kunikumbusha kwamba nasahau. Mmesema pia niandike "safari ya mafanikio". Hiyo mtatafuta kwa mtu mwingine. Katika kazi hii hakuna vyeo: kuna anayekaa mkekani na kuna wanaokaa kwenye viti, na wa kwenye viti ndio huondoka wameshiba. Mimi ni Hezroni, mtoto wa fundi wa reli. Nimepiga sitari zaidi ya miaka arobaini katika mji ambao nusu ya watu wake, ukiwatajia sitari, wanadhani ni dawa ya kikohozi.

Yote yaliletwa na panya. Kanisa letu, hatua chache kutoka Barabara ya Jogoo, lilikuwa na kinanda cha mvukuto, kile ambacho mkono mmoja unapuliza hewa na mwingine unabonyeza. Wiki moja kabla ya Pasaka panya wakaula mvukuto. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na sauti ya besi ya kwaya, kwa hiyo msiba ulikuwa wake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanagenzi kwenye karakana ya reli, na Jumamosi hiyo sikuwa na kazi. Baba alinipa kinanda nikibebe.

"Peleka Eastleigh kwa yule Mhindi anayetengeneza vinanda," akasema. "Mwachie, urudi. Usikae."

Nilikaa.

Mhindi mwenyewe aliitwa Nandlal, ingawa mimi nilikuja kumwita Guruji, yaani mwalimu mheshimiwa. Majirani zake wa zamani walikuwa wamehama wote, wengine ng'ambo, wengine upande wa pili wa mji. Yeye alibaki kwenye chumba kimoja kinachotazama barabara kwa sababu, kama alivyosema, kufunga mizigo ni kazi. Kiswahili chake kilikuwa na nafsi moja tu: "nataka" ilikuwa mimi, wewe na yeye. Alifungua kinanda, akaingiza pua ndani, akakifunga.

"Panya Mkristo," akasema. "Nakula sauti ya juu yote. Sauti ya chini naachia baba yako."

Akashona kiraka kwenye mvukuto, akapaka gundi, na gundi ikiwa inakauka akateremsha sitari ukutani. Mnaijua: kibuyu kikubwa, shingo ndefu ya mti, nyuzi za kupigwa juu, na chini yake nyuzi nyembamba ambazo mkono hauzigusi. Akakaa chini, akaanza. Mimi nilikuwa mtu wa nyimbo za kanisa, beti nne na amina. Huyu aliingia kwenye noti moja akakaa humo kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Nilingoja kwa adabu wimbo uanze. Baada ya nusu saa nikagundua ulikuwa umeanza zamani.

"Nasikia?" akaniuliza alipomaliza.

"Nimesikia."

"Nasikia nini?"

Nilisema ukweli kwa kuwa sikujua jibu la kumfurahisha. "Kuna sauti ndogo inaitikia chini. Lakini hujaigusa."

Aliirudisha sitari ukutani. "Watoto yangu naishi nyumba hii miaka kumi na nane," akasema. "Hapana sikia hiyo. Alhamisi nakuja."

Hiyo ndiyo barua yangu ya ajira.

Alhamisi nilifika nikiwa nimenyoa na kuvaa shati safi, tayari kushika sitari. Sikuishika kwa miezi mitatu. Nilifundishwa kukaa. Mnaolalamika kwamba nimewakazia, jueni kwamba mimi nilikalishwa sakafuni, mguu wa kushoto umekunjwa chini ya wa kulia, nikaimba noti saba kwenda juu na saba kurudi chini mpaka mguu ukafa ganzi. Siku ya kwanza nilisimama ghafla ili nimuage kwa heshima, nikaanguka juu ya meza yake ya kazi. Aliokota vigingi vyake vya kukazia nyuzi kimoja kimoja. "Alhamisi nafanya mazoezi ya kusimama," akasema.

Aliponipa sitari hatimaye, nyuzi zilinichana kidole cha shahada cha kushoto hadi damu. Karakanani wakaniuliza ni mashine gani imenikata. Niliona ni salama zaidi kusingizia mashine. Msidanganywe na picha za wapigaji wanaotabasamu: uzi wa chuma unavutwa pembeni kwa kidole, noti inapanda, na kidole kinalipia. Pakeni mafuta ya nazi kidogo. Kidogo. Yupo mmoja wenu aliyepaka kama anakaanga viazi, na namwombea.

Kitu kimoja nilikuja nacho kutoka reli, nacho ni kupiga tupa. Daraja la sitari, kile kipande cha mfupa ambacho nyuzi zinapita juu yake, lazima likwaruzwe hadi uzi uguse mfupa kidogo sana na kulia kama nyuki aliye chumba cha pili. Likizidi, nyuki anaingia sikioni. Likipungua, una gitaa. Guruji aliharibu macho yake kwa kazi hiyo. Aliponiona nikishika tupa, kwa mkono uliozoea vyuma vya injini, alinisukumia madaraja sita na kwenda kunywa chai. Wiki iliyofuata nilikuta kumi na mawili.

Mwaka wa tatu alinifunga uzi mwekundu mkononi. Kwao ndiyo ishara kwamba mwalimu amekukubali: unakula dengu na sukari guru, unafungwa uzi, na kuanzia hapo makosa yako yanamwaibisha yeye. Nilifurahi kiasi kwamba nilisahau mimi ni wa wapi. Jumapili nikainua mkono kuongoza sauti ya tenori, na kanisa zima likasoma mkono wangu badala ya kitabu cha nyimbo.

Jumatano alasiri niliitwa mbele ya wazee. Walikuwa wanne, wa nne akiwa Baba. Mwenyekiti wao, Mzee Shadraki, alikuwa ameweka mkasi mezani juu ya daftari la waumini, pengine nisije nikapata shida kuutafuta.

"Hezroni, kamba hiyo ni ya nini?"

"Ni ya shule, Mzee."

"Shule gani hufunga wanafunzi kamba?"

"Ya muziki."

"Tumesikia muziki huo huita nyoka," akasema mzee mwingine.

"Nimekaa miaka mitatu, Mzee. Hata mjusi sijamwona."

Hiyo haikunisaidia. Mzee Shadraki aliusogeza mkasi kwangu. "Kata, kijana, tumalize twende nyumbani."

Nilimtazama Baba. Alikuwa anatazama meza. Nilijua anavyofikiri kuhusu Alhamisi zangu: alishanieleza kwamba reli ina pensheni na kibuyu hakina. Nilifikiri ataniambia nikate, na ningekata. Nataka mjue hivyo. Mkono wangu ulikuwa tayari umeenda kwenye mkasi.

Baba akasimama. "Wazee, kabla hajakata, naomba vijana wawili tutoe kinanda nje."

"Kinanda kina nini tena?"

"Mvukuto wake umeshonwa na mikono ile ile iliyofunga kamba hii. Nadhani na uzi ni wa nyumba ile ile. Tumekiimbia miaka mitatu, na ekaristi tumekula kikilia. Kama uzi una uchafu, tuanze na ule mrefu."

Nje mtu alikuwa akiuza mitumba kwa kupayuka. Wazee wakajadiliana kwa sauti ya chini, na uamuzi wao ulikuwa wa busara kuu: kinanda kitabaki, mwimbaji atatoka. Nikasimamishwa kwaya, niketi benchi la nyuma kabisa hadi nitakapojirudi.

Jumapili hiyo niliketi nyuma pamoja na akina mama wenye watoto wanaolia. Wimbo wa kwanza haujaanza nikamwona Baba akinyanyuka kwenye kiti cha wazee. Akatembea katikati ya kanisa na kitabu chake kwapani, taratibu, kama anayekagua behewa, akaja kuketi kando yangu. Hakunitazama. Akafungua ukurasa, akaimba.

Kwaya nzima ilizoea kufuata besi yake. Sasa besi ilikuwa mlangoni. Tenori ilipotea ubeti wa pili, soprano ubeti wa tatu. Waliendelea hivyo miezi mitano, kisha tukaitwa kurudi sote wawili. Si kwa sababu ya toba, hakuna aliyetubu. Masikio yao yalikuwa yamechoka.

Msidhani Baba alikuja kuipenda sitari. Alisema hadi mwisho kwamba inamkumbusha bawaba inayohitaji grisi.

Niliacha reli mwaka uliofuata. Kipindi cha miaka mingi baada ya hapo nitakiruka kwa kuwa kilikuwa cha mazoezi, na mazoezi hayasimuliki. Nitawaambia ya harusi, kwa sababu Fridah, mwenzenu wa darasani, husimulia vibaya.

Guruji alialikwa kupiga kwenye harusi ya watu wakubwa, kwenye ukumbi mmoja upande wa pili wa mji, na asubuhi hiyo akaamka na homa. Aliwapigia simu kwamba "nakuja mwanafunzi yangu", nafsi zake zikiwa zile zile. Nikafika na sitari. Baba wa bibi harusi alinipokea mlangoni kwa uchangamfu mwingi.

"Karibu, karibu! Weka chombo pale mbele. Mwenyewe anafika saa ngapi?"

"Amefika."

"Yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Uchangamfu ukaenda kushauriana na kaka yake kando ya keki. Waliporudi, walikuja na vijana wanne na maua. Maua ya manjano, mekundu, na majani makubwa, yakajengwa ukuta kati yangu na wageni hadi juu ya kichwa changu.

"Ni kwa ajili ya sauti," akanieleza. "Maua husaidia sana sauti."

Nilimshukuru. Katika miaka yote ya kusoma sauti sikuwahi kufundishwa hilo. Mpiga tabla wetu, zile ngoma mbili za Kihindi, ambaye wazazi wake walitoka Gujarat, sauti yake haikuhitaji msaada. Yeye aliachwa mbele ya maua. Tulipigiana kwa kuviziana kupitia majani. Nikasikia mwenye harusi akiwatangazia wageni kwamba ustadhi ametoka India na hapendi kutazamwa akipiga. Walipiga makofi kwa heshima. Niliinama, kwa mazoea, mbele ya jani.

Katikati ya raga, ule wimbo mrefu usio na beti, maua yakatikisika pembeni, akatokea ajuza wa sari nyeupe na fimbo. Alikuwa nyanya yake bwana harusi. Alikuja kugusa mikono ya ustadhi, apate baraka. Akaishika mikono yangu, akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Wewe natoka India wapi?"

"Makadara, Mama."

"Makadara." Akafikiri. "Kwenu kabisa?"

"Vihiga."

Fimbo ikaanguka. "Vihiga! Mimi nazaliwa karibu na Kisumu! Baba yangu nafungua duka Luanda, kwenu Vihiga!" Na palepale, katikati ya mawaridi, akaniamkia kwa Kiluhya: "Mirembe!"

"Mirembe, Mama," nikamjibu, nikisahau kwamba ustadhi ametoka India.

Akamwita mhudumu alete kiti. Akaketi huku nyuma nami. "Piga," akasema, "mimi nakaa hapa." Basi, mnajua harusi: kila mtu lazima amsalimie nyanya. Wakaanza kumtafuta. Akaja mjukuu wa kwanza, akaambiwa akae. Akaja wa pili na mkewe. Zikaja shangazi. Mwishowe upande wangu wa maua ulikuwa na watu wengi kuliko ule mwingine, na bwana harusi mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda. Mwenye harusi alikuja akasimama, akatuangalia. Kisha akawaita vijana wake wanne watoe maua.

"Ni kwa ajili ya sauti," akaniambia.

Nilimshukuru tena.

Miaka michache baadaye Guruji alipigwa na kiharusi, na mkono wake wa kulia ukafa. Kwa mpiga sitari mkono wa kulia ndio unaochapa uzi kwa ile pete ya waya, na wa kushoto ndio unaobana na kuvuta. Daktari alisema ana bahati amebaki na mmoja. Madaktari ni watu wa kutia moyo. Niliendelea kwenda Alhamisi, tukakaa tukiangalia ukuta. Siku moja aliniambia nilete sitari katikati yetu. Nikashika upande wa kibuyu, nikachapa kwa mkono wangu wa kulia; yeye akabana shingoni kwa wake wa kushoto. Tukapiga hivyo, wanaume wawili kwenye sitari moja, magoti yakigongana. Mara ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Nilichapa mapema, akavuta nikiwa nimemaliza, akanitukana kwa lugha tatu. Kufikia miezi miwili ilikuwa muziki.

Katika Alhamisi hizo ndipo nilipojua anachofanya. Kuitazama mikono yake kwa miaka yote hiyo hakukunionyesha kitu. Nilipouchapa uzi nikausikia ukikazwa na mtu mwingine, nikajua anangoja kiasi gani kabla ya kuvuta. Aliendelea kunifundisha hivyo mwaka mmoja na nusu. Alifariki Alhamisi asubuhi kabla sijafika. Sitaandika zaidi hapo.

Darasa nililianzisha Umoja, kwenye ukumbi mdogo nyuma ya maduka, kati ya kinyozi mwenye spika na maombi ya Jumamosi yenye spika kubwa zaidi. Ndiyo sababu ninyi wote mnapiga kwa nguvu. Mtaani nikaitwa "Mhindi", na Eastleigh nilikoenda kununua nyuzi sikuitwa chochote, nilisachiwa. Askari wa jengo moja la maduka alilitazama sanduku langu refu kwa macho mabaya.

"Budaa, umebeba nini hapo?"

"Sitari."

"Inafanya nini?"

"Inalia."

"Fungua. Piga tuone."

Nikakaa kwenye ngazi nikapiga. Wauza vitambaa wakatoka, wapita njia wakasimama, mlango ukaziba. Askari alisikiliza dakika kumi nzima huku kazi yake ikimshinda.

"Sawa, mzee, ingia," akasema hatimaye. "Lakini hiyo ngoma haina mwisho?"

Ni mhakiki bora niliyewahi kukutana naye.

Sasa mnataka kujua kwa nini nimestaafu ghafla. Wengine mmesema ni hasira, mwingine kasema nimepata kazi ng'ambo, katika umri huu. Sababu ni kidole. Kile cha shahada cha kushoto kilianza kukakamaa mwaka jana. Sikumwambia mtu, hata mke wangu Rhoda, ambaye alijua kwa sababu nilishindwa kufunga vifungo. Tatizo lilikuwa ule mvuto mrefu katika raga ya jioni, pale uzi unapovutwa kutoka noti ya chini hadi ya juu bila kukatika. Kidole kilikuwa kinagoma katikati. Nikajifunza kukidanganya: navuta nusu, nasimama kidogo, nakusanya nguvu, namalizia. Nilidhani nimewaficha.

Kisha likaja onyesho la mwezi uliopita, ukumbi umejaa wazazi, Fridah kando yangu na sitari yake. Mnamjua Fridah: muuguzi, miaka tisa darasani, huja bado amevaa viatu vya wodi. Tulifika kwenye mvuto mrefu. Nikavuta nusu, nikasimama, nikakusanya nguvu. Nguvu haikuja. Uzi ukabaki hapo, ukifa polepole mbele ya watu mia. Nikawaza mambo mengi, hakuna hata moja la kiroho.

Fridah akaichukua ile noti pale nilipoiacha, akaipandisha. Nikaweka mkono pajani. Akaendelea peke yake hadi mwisho, na wazazi wakapiga makofi wakidhani ndivyo tulivyopanga. Sikuwasahihisha.

Tulipokuwa tunafuta nyuzi nilimuuliza, "Pale nilipokwama, ulimaliziaje?"

"Kama ulivyotufundisha, Mwalimu."

"Sikuwafundisha hivyo. Mvuto ule huenda moja kwa moja. Uliporudia mwishoni ulisimama katikati, ndipo ukapanda."

Akanishangaa. "Si ndivyo unavyoipiga? Kila Jumamosi, tangu mwaka jana. Unapanda kidogo, unasimama kama mtu aliyeishiwa na pumzi kwenye ngazi, halafu unamalizia. Wote tunapiga hivyo. Mimi hapo ndipo huwa nalia."

Sikumwamini. Nikawaita wengine waliokuwa wanakunja mikeka, na mnakumbuka nilivyowaomba mpige mmoja mmoja bila kuwaeleza sababu. Sita, na wote sita mlisimama katikati. Kidole changu kibovu kilikuwa kimeanzisha shule.

"Ni makosa, Mwalimu?" Fridah akaniuliza. "Turekebishe?"

Niliinama nikavaa viatu, kwanza cha kushoto, kisha cha kulia, ili nipate muda.

"Msiguse," nikamwambia.